Musa bin Maimun: Tabibu Aliyetawakali Akafanya Kazi

Huku Kwa Vonza, katika nchi kavu ya Kitui, mkulima haambiwi kuwa ana upungufu wa imani kwa sababu ameyachimba matuta ya kuzuia maji kabla ya mvua za Oktoba. Huchimba, hupanda, kisha huinua mikono kumwomba Mola wake. Lakini katika miji yetu ya pwani mara nyingi tumesikia mtu akiacha dawa, au akimwacha mwanawe bila ya elimu, naye akidai kuwa huko ndiko kutawakali. Kwa ajili hiyo tumeona vyema kusimulia maisha ya Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeitazama sana mas-ala hii. Dini yake si yetu, lakini hekima haiulizwi kabila.

Alizaliwa Qurtuba, katika Andalusi, yapata mwaka 1138. Mwaka 1148 Al-Muwahhidun waliushika mji huo, nao wakawanyima Mayahudi na Wakristo ile himaya waliyoizoea chini ya dola za Kiislamu zilizotangulia. Jamaa zake wakahama. Wakakaa Fasi, wakapita Akka mwaka 1165, mwisho wakatua Fustat, Misri. Huko nduguye mdogo, Daudi, ndiye aliyekuwa akifanya biashara ya vito na kuilisha nyumba nzima, na Musa akashughulika na vitabu.

Kisha Daudi akasafiri kwenda Bara Hindi, na chombo chake kikazama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii iliyokwisha kuwameza wengi wa wazee wetu. Ikapotea roho, na pamoja nayo mali yao na amana za watu. Akaacha mjane na binti mdogo. Musa akaugua kitandani karibu mwaka mzima kwa huzuni.

Alipoinuka alikuwa hana kitu. Watu wake wangalimlisha, kwani jina lake lilikwisha enea. Lakini yeye alikuwa akifundisha kwamba mwenye kuazimia kusoma dini huku akiishi kwa sadaka za watu anaivunjia dini heshima yake. (Wako kwetu watakaochukizwa na maneno haya, nasi hatuwataji.) Elimu ya utabibu alikuwa nayo tangu ujanani, sasa akaifanya kazi ya kumpa riziki.

Na katika jambo la dawa alikwisha pambana na hoja ya wavivu. Imepokewa kwa Mayahudi kwamba mfalme Hizkia alikificha kitabu cha dawa, na baadhi yao wakaeleza kuwa alifanya hivyo ili watu wamtegemee Mungu peke yake. Katika sherehe yake ya Mishna, aliyoimaliza mwaka 1168, Musa aliyakataa maelezo hayo kwa ukali. Alisema mwenye njaa hula mkate na kumshukuru Mungu aliyeuumba, wala hapana asemaye kuwa amemwacha Mungu. Basi mgonjwa naye hunywa dawa na kumshukuru Yule aliyeiumba.

Wanachuoni wa kusini mwa Ufaransa walipomwuliza juu ya utabiri wa nyota, aliwajibu kuwa ni upuuzi. Akaongeza kwamba wazee wao waliupoteza ufalme wao kwa kushughulikia vitabu vya nyota wakaacha kujifunza vita. Wapiga ramli wa mitaani kwetu nao wana fungu lao katika jawabu hiyo.

Alimtibu Al-Qadhi Al-Fadhil, waziri wa Salahuddin, kisha Al-Afdhal, mwana wa Salahuddin, akamtungia risala ya kuhifadhi afya. Mwaka 1199 alimwandikia mfasiri wa kitabu chake kuwa kila asubuhi huenda kwa Sultani mjini Kairo. Akirejea Fustat ana njaa, huikuta nyumba imejaa watu, Waislamu na Mayahudi, wakubwa na wadogo. Huwaomba radhi ale kidogo, mlo wake wa pekee kwa siku, kisha huwatibu mpaka usiku, hata huwaandikia dawa hali amelala kwa uchovu.

Alifariki mwaka 1204. Mwanawe Ibrahim alirithi uongozi wa Mayahudi wa Misri pamoja na utabibu, akatumika katika hospitali ya Kairo. Na katika kitabu chake cha Kiarabu juu ya ibada aliweka mlango mzima wa kutawakali.