Röntgen: Mgunduzi wa eksirei aliyetangulia kubaini siri ya kuichuja

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MKAZI wa Pasiansi anayepelekwa Bugando kupigwa picha ya kifua huambiwa avute pumzi na kuibana, na kazi huisha mara moja. Asichokiona ni bamba jembamba la aluminiamu ambalo, katika mashine za eksirei, huchuja mionzi kabla haijamfikia mgonjwa. Msingi wa kinga hiyo ulianza kueleweka kwa kazi ya Wilhelm Conrad Röntgen.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845, Lennep, Ujerumani, akiwa mtoto pekee wa mfanyabiashara wa nguo, na akakulia Uholanzi. Huko Utrecht alifukuzwa shule kwa madai ya kuchora katuni ya kumdhihaki mwalimu, kosa ambalo hakulitenda. Hakukata tamaa. Alikwenda Zurich, Uswisi, akasomea uhandisi na kutunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1869.

Novemba 8, 1895, akiwa profesa mjini Würzburg, alipitisha umeme katika bomba la kioo alilolifunika kwa karatasi nyeusi. Kiwambo kilichopakwa kemikali kiling'aa gizani, naye akatambua kuwa kuna mionzi isiyoonekana iliyopenya karatasi ile. Aliipa jina la X, herufi ya kitu kisichojulikana. Desemba 22 alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, na mifupa pamoja na pete vikaonekana.

Hakuishia hapo. Katika ripoti yake ya tatu, ya mwaka 1897, alieleza kuwa mionzi hiyo si ya aina moja, na kwamba ile iliyokwisha kupenya bamba huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kupenya bamba jingine.

Umuhimu wa jambo hilo kwa mgonjwa ni mkubwa. Mionzi dhaifu huishia kwenye ngozi na nyama bila kufika kwenye filamu. Haisaidii picha, bali humwongezea mgonjwa madhara. Bamba huinasa kama chujio linavyonasa makapi ya chai, na mionzi yenye nguvu hupita kwenda kuchora picha. Kwa mashine nyingi za kawaida, kiwango cha chini cha uchujaji ni sawa na milimita 2.5 za aluminiamu. Uchujaji ukizidi mno, tofauti kati ya mfupa na nyama hufifia, hivyo kipimo ni lazima kizingatiwe.

Miaka ya mwanzo wengi walitumia mionzi bila kinga. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison nchini Marekani, aliungua mikono hadi ikakatwa, na akafariki dunia mwaka 1904. Nchini Tanzania, Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 iliipa Tume ya Nguvu za Atomu jukumu la kusimamia matumizi salama ya mionzi, zikiwamo mashine za hospitali.

Mwaka 1901 Röntgen alikuwa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na fedha zake alizitoa kwa Chuo Kikuu cha Würzburg. Alikataa kusajili hataza, akitaka ugunduzi wake uwafae watu wote.

Alifariki dunia mjini Munich Februari 10, 1923, kwa saratani ya utumbo, akiwa na umri wa miaka 77, wakati mfumuko wa bei ulikuwa umekwisha kula akiba yake.