Milton na Vina

Kwetu sisi tuliokuzwa kwa vina na mizani, ni taabu kumwita mshairi mtu asiyetia vina. Lakini John Milton, aliyezaliwa London mwaka 1608, siwezi kumpita.

Alikuwa bingwa wa Kilatini, akiiandikia serikali ya Cromwell barua za nchi za nje. Kufikia 1652 macho yote mawili yalikwisha kupofuka. Mfalme aliporudi mwaka 1660, vitabu vyake vilichomwa moto, naye akafungwa.

Alipoachiwa aliendelea na utungo wake, Paradise Lost, kisa cha Nabii Adam kama wakisimuliavyo Wakristo, hata akaumaliza. Usiku akitunga kichwani, asubuhi akisoma mtu amwandikie: mistari zaidi ya 10,000! Mwaka 1667 akauuza kwa pauni 5, na ahadi ya 5 nyingine zikishauzwa nakala 1,300.

Wasomaji wakauliza, mbona hauna vina? Mwaka 1668 akaongeza maelezo kitabuni, akivilaumu vina kuwa ni minyororo. Hapo, ndugu msomaji, mimi naye hatupatani. Ila mizani hakuitupa: kwa kawaida kila mstari una mizani kumi, na kipofu yule akizipima kwa sikio tu.