Percy Julian, Mjukuu wa Mtumwa

Sokoni Nyamira, nilipoona soya ikipimwa kwa gorogoro, nilimkumbuka marehemu Percy Julian, mjukuu wa mtumwa, aliyezaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1899. Kwao alikwamishwa kwa sababu ya rangi. Akaifuata elimu hadi Vienna, akapata udaktari wa kemia mwaka 1931.

Kwa soya alitengeneza homoni, na mwaka 1949 akarahisisha njia ya kupata kotisoni, dawa ya maumivu ya viungo. Ini huigeuza kuwa kotisoli. Nayo, ikishapokewa na protini maalumu ndani ya seli, hutuliza uvimbe.

Aliyewatuliza wenziwe alijaribiwa kuchomewa nyumba mwaka 1950, akarushiwa baruti mwaka 1951. Hakuhama. Alifariki mwaka 1975. Waja husahau wema, Mola hasahau.