Shaka si ukaidi: funzo la maisha ya Chien-Shiung Wu

Mwezi Septemba mwaka 2011, wanasayansi wa maabara ya Gran Sasso nchini Italia walitangaza jambo lililoishtua dunia. Chembe ziitwazo nyutrino, zilizorushwa kutoka kituo cha CERN karibu na Geneva, umbali wa kilomita 730 hivi, zilionekana kuwasili mapema kuliko mwanga, kwa nanosekunde 60 tu. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba waya mmoja haukuwa umekazwa sawasawa. Waliocheka walicheka, na tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba kila tangazo la ajabu litokalo katika maabara za fizikia ni porojo za wasomi.

Siwalaumu wenye shaka, maana kuuliza si ujinga. Hata hivyo, shaka nayo ina adabu zake. Naomba msomaji aniwie radhi, mimi mwanaisimu, nikijitosa katika bahari isiyo yangu ili nisimulie maisha ya mwanamke aliyezijua adabu hizo kuliko wengi wa zama zake.

Chien-Shiung Wu alizaliwa tarehe 31 Mei 1912 katika mji mdogo wa Liuhe, karibu na Shanghai, nchini Uchina. Baba yake alikuwa mtu wa fikra za mbele: alianzisha shule ya wasichana wakati ambapo wengi hawakuona faida ya kumsomesha binti, naye Wu akaanzia masomo yake humo. Baada ya kuhitimu chuo kikuu mjini Nanjing mwaka 1934, alipanda meli mwaka 1936 kwenda Marekani kuongeza elimu. Hakujua kwamba alikuwa akiwaaga wazazi wake kwa mara ya mwisho. Vita na misukosuko ya siasa vilimfungia njia ya kurudi, na alipokanyaga tena ardhi ya Uchina mwaka 1973, baba na mama walikuwa wamekwisha kufariki.

Alipata shahada ya uzamifu katika chuo kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1940, akaolewa na mwanafizikia mwenzake, Luke Yuan, mwaka 1942, na kuanzia 1944 akafanya kazi katika chuo kikuu cha Columbia mjini New York. Hapo ndipo alipojijengea sifa. Enrico Fermi alikuwa ameeleza jinsi viini vya atomu fulani vinavyovunjika vyenyewe na kutoa elektroni, tukio liitwalo mmeguko wa beta. Majaribio ya watu kadha wa kadha hayakuafikiana na nadharia hiyo, na wapo waliokuwa tayari kuitupa. Wu hakukimbilia kuitupa wala kuitetea. Alichunguza majaribio yenyewe, akagundua kwamba sampuli zilizotumiwa zilikuwa nene na zisizo sawa, hivi kwamba elektroni zilipoteza nguvu kabla ya kutoka nje. Alipotengeneza sampuli nyembamba zilizo sawa, matokeo yakaafikiana na nadharia. Kwa hiyo, kufikia mwaka 1956, alikuwa bingwa wa kujua jinsi jaribio linavyoweza kumdanganya mwenye kulifanya.

Mwaka huo ndipo lilipozuka suala la kushoto na kulia. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatujapata kuiona mikono miwili kuwa sawa. Mkono wa kulia umepewa jina hilo kwa kuwa ndio wa kulia chakula, na wazee wa pwani waliuita pia mkono wa kuume. Wanafizikia, kinyume chake, waliamini kwamba maumbile hayajui ubaguzi huo: tukio lolote la chembe likitazamwa katika kioo, lile linaloonekana kiooni nalo laweza kutokea vilevile duniani. Imani hiyo ilikuwa imekita mizizi hata ikahesabiwa kuwa sheria.

Ndipo Wachina wawili vijana waliokuwa Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang, walipopekua maandishi yote na kukuta jambo la kustaajabisha. Kwa upande wa ile nguvu dhaifu inayosababisha mmeguko wa beta, hapakuwa na jaribio hata moja lililothibitisha sheria hiyo. Wote waliiamini, hakuna aliyeipima. Wakubwa wa fani hawakutikisika. Wolfgang Pauli alikuwa tayari kuweka dau kubwa kwamba kushoto na kulia vitabaki sawa, na Richard Feynman aliweka dau la dola 50.

Wu hakuweka dau. Alikuwa amekata tikiti ya meli kusafiri na mumewe kwenda Geneva na kisha Asia, miaka 20 baada ya kuondoka kwao. Alimwacha mumewe aende peke yake, akabaki kufanya jaribio. Alishirikiana na Ernest Ambler na wenzake wa maabara ya serikali mjini Washington, waliokuwa na ustadi wa kutengeneza baridi kali. Kobalti-60 ilipoozwa hadi karibu sehemu moja ya mia ya digrii juu ya kikomo cha baridi yote, na kwa nguvu za sumaku viini vyake vikalazimishwa kuelekea upande mmoja. Swali lilikuwa jepesi: je, elektroni zitatoka kwa wingi ulio sawa pande zote mbili?

Hazikutoka sawa. Nyingi zilielekea upande ulio kinyume na mwelekeo wa viini, na sampuli ilipopata joto, tofauti hiyo ikatoweka. Mtu mwenye pupa angeita waandishi wa habari siku hiyohiyo. Wu alirudia. Alitaka kujua kama usumaku uliosalia katika sampuli ndio uliowahadaa, akahakikisha kwamba sivyo. Alisafiri kwa treni mara kwa mara kati ya New York na Washington, ikiwemo mkesha wa Krismasi ambapo theluji ilikuwa imefunga uwanja wa ndege. Ni mpaka tarehe 9 Januari 1957 ndipo yeye na wenzake waliporidhika. Wakati huohuo Leon Lederman na Richard Garwin walipata jibu lilelile kwa chembe nyingine, na tarehe 15 Januari habari zikatangazwa Columbia. Pauli alikubali. Feynman alilipa deni lake.

Lee na Yang walituzwa Nobel mwaka huohuo. Wu hakutuzwa, na wengi wameiona hiyo kuwa dhuluma. Mwaka 1975 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Wanafizikia cha Marekani, na mwaka 1978 akapewa tuzo ya kwanza ya Wolf ya fizikia. Alifariki tarehe 16 Februari 1997, na majivu yake yakazikwa katika ua wa ile shule ya baba yake.

Lipo jambo moja linalonikera katika kisa hiki. Mwaka 1928, Richard Cox na wenzake mjini New York waliona dalili za kutokuwa sawa kwa kushoto na kulia katika elektroni za beta. Hakuna aliyewajali. Dalili hizo zilisahauliwa, na takriban miaka 30 ikapita bure.

Basi shaka ya kweli ina makali pande mbili. Inalikata jipya, nayo hailiachi la kale kwa kuwa tu tumelizoea. Anayecheka matokeo mapya bila kuyapima hana tofauti na anayeyashangilia bila kuyapima. Waliokosea kule Gran Sasso waliyaweka matokeo yao hadharani, wakaomba wachunguzwe, wakapatikana na kosa, wakalikiri. Wu naye alijichunguza mwenyewe kwanza, akaonekana kuwa sahihi. Njia waliyopita ni moja.