Louis Renault: Mfaransa Aliyeituliza Giya

Wasomaji waliokula chumvi watalikumbuka lile gari dogo la Kifaransa lililojulikana nchini kwetu kwa jina la Renault Roho. Giya yake haikuota sakafuni kama ya magari mengine, bali ilichomoza kwenye dashibodi kama mkono wa mwavuli, na dereva akawa aivuta na kuisukuma. Jina la Renault basi tumelizoea vinywani, lakini mtu mwenyewe aliyelianzisha wachache ndio wamjuao. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo nataka tumtazame muundaji, kwani maisha yake yana mafunzo kwa fundi na kwa asiye fundi.

Louis Renault alizaliwa mjini Paris mwaka wa 1877. Baba yake alikuwa tajiri wa vitambaa na vifungo vya nguo, na kaka zake, Fernand na Marcel, waliifuata biashara hiyo. Louis hakuwa na moyo wa duka wala wa shule. Yeye alipenda vyuma. Jamaa zake walikuwa na nyumba ya mapumziko huko Billancourt, nje kidogo ya Paris, kando ya mto Seine, na katika bustani ya nyumba hiyo palikuwa na kibanda. Kibanda hicho ndicho kilichokuwa karakana yake ya kwanza.

Ili tuifahamu kazi yake, yafaa tujue magari ya siku zile yalikuwaje. Mfaransa mwingine, Émile Levassor, alikuwa amekwisha kuonyesha namna ya kuiweka injini mbele na kubadilisha mwendo kwa kuyasogeza magurudumu ya meno ndani ya giaboksi. Lilikuwa jambo kubwa, lakini lilikuwa na taabu yake. Katika giya zote, hata ile ya mwendo wa juu kabisa, nguvu ya injini ilipita meno kwa meno, kisha ikapelekwa kwenye magurudumu ya nyuma, aghalabu kwa mnyororo. Kila meno yakutanapo na meno mengine hula sehemu ya nguvu, hutoa joto na hupiga kelele. Gari lilinguruma barabarani kama kinu cha kusagia nafaka.

Mwaka wa 1898, akiwa na umri wa miaka 21, Louis alichukua baiskeli yake ya moto ya magurudumu matatu, iliyotengenezwa na De Dion-Bouton, akaigeuza gari la magurudumu manne. Ndani yake alitia giaboksi ya fikira zake mwenyewe. Katika giya ya juu shafti itokayo kwenye injini ilishikana moja kwa moja na shafti iendayo nyuma, kama watu wawili wapeanao mikono, zikazunguka pamoja kama kitu kimoja. Meno ya pembeni yakawa hayana mzigo. Na mahali pa mnyororo akaweka shafti yenye viungo, ikaupeleka mzunguko hadi kwenye difu ya nyuma. Gari likapata nguvu zaidi kwa injini ile ile, na kelele ikapungua.

Usiku wa tarehe 24 Desemba mwaka huo, mkesha wa Krismasi, alilipeleka gari lake Montmartre mbele ya marafiki, akaupanda mlima wa rue Lepic, barabara ambayo magari mengi ya wakati huo yalishindwa nayo. Yasimuliwa kwamba alirudi nyumbani akiwa na maagizo ya magari 12. Mwaka uliofuata, 1899, alipata hati ya uvumbuzi, na kampuni ya Renault Frères, yaani Ndugu Renault, ikaanzishwa kwa fedha za kaka zake. Watengenezaji wengine walipoiga giaboksi ile, Louis aliwaandama kwa sheria, na wakalazimika kumlipa ada.

Mbio za magari ndizo zilizoitangaza kampuni. Marcel alishinda mbio za Paris hadi Vienna mwaka wa 1902. Lakini mwaka wa 1903, katika mbio za Paris hadi Madrid, Marcel alipata ajali akafariki dunia, na Louis, aliyekuwa mbele katika mbio hizo hizo, akaacha kushindana. Fernand naye alifariki mwaka wa 1909. Louis akabaki peke yake na kiwanda chote mikononi.

Hapa niombe ruhusa nitoke Ufaransa kidogo niingie gereji, maana kazi ya mtu huyu ingali hai. Magari mengi ya spoti ya zamani, yenye injini mbele na msukumo nyuma, hufuata kanuni ile ile. Mojawapo ni Datsun 240Z, gari tulilolishangilia hapa kwetu liliposhinda Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka wa 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Katika 240Z ya barabarani, giya ya nne ni ya moja kwa moja, kama alivyobuni Louis.

Nimekaa sana na mafundi hapa Mombasa, nami nimeona kwamba mwenye gari la namna hiyo akisikia giya inasaga meno, jambo la kwanza alitakalo ni giaboksi ishushwe. Fundi aijuaye kazi hakubali upesi. Huwasha injini ikiwa gari limesimama, hukanyaga klachi hadi mwisho, husubiri kitambo, kisha hutia giya ya kurudi nyuma taratibu. Ikilia, kosa mara nyingi si la giaboksi. Ni klachi isiyoachia sawasawa: huenda mafuta yake yamepungua, au hewa imeingia kwenye bomba lake, au silinda yake ndogo inavuja.

Klachi ikiwa njema, fundi huendelea kusikiliza. Ikiwa giya moja tu ndiyo ilalamikayo, pete ya shaba inayoilinganisha na mwendo wa shafti imelika. Ikiwa giya yachomoka yenyewe, hutazama springi na meno ya kushikia. Ikiwa giaboksi yavuma katika giya ya kwanza, ya pili na ya tatu, lakini yanyamaza katika ya nne, basi hushuku shafti ya pembeni na beringi zake, kwa kuwa katika giya ya nne shafti hiyo haibebi mzigo. Ukimya ule wa giya ya nne ndio ushahidi, na aliyetuachia ushahidi huo ni Louis. Ajabu ni kwamba ile Roho yenye jina lake, kwa kuwa ilivutwa na magurudumu ya mbele, haikuwa na giya ya moja kwa moja hata moja.

Turudi kwake. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka wa 1914, teksi za Renault zilibeba askari kuwapeleka kwenye mapigano ya Marne, na baadaye kiwanda chake kikatoa kifaru chepesi cha FT. Louis akawa shujaa wa taifa. Kwa wafanyakazi wake, hata hivyo, alikuwa bwana mkali. Alipoanza kuipima kazi yao kwa saa, waligoma mwaka wa 1912 na wa 1913.

Kisha Wajerumani waliiteka Ufaransa mwaka wa 1940. Kiwanda cha Billancourt kikafanya kazi chini ya amri yao, kikawatengenezea malori, na mwezi wa Machi 1942 ndege za Uingereza zikakishambulia kwa mabomu na raia wengi wa mtaa ule wakafa. Ufaransa ilipokombolewa, Louis alikamatwa mwezi wa Septemba 1944 kwa shtaka la kushirikiana na adui, akatiwa katika jela ya Fresnes. Alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo kabla kesi yake haijasikizwa. Mwezi wa Januari 1945 serikali ikaitaifisha kampuni. Wajukuu zake walikwenda mahakamani mwaka wa 2011 kudai haki, wasifaulu.

Mimi simtetei, wala simlaani. Malori yalitoka, hilo halikanushiki. Lakini kama alikuwa msaliti au mzee dhaifu aliyetaka kukinusuru kiwanda chake, hilo lilihitaji mashahidi na hakimu, na halikupata. Fundi mwema haifungui giaboksi kabla ya kuijaribu klachi, kwani kilichokwisha kufunguliwa na kuharibiwa hakirudi kama kilivyokuwa. Chuma hufanyiwa uadilifu huo kila siku katika gereji zetu. Mwanadamu anastahili zaidi.