Masinde Muliro: Msomi aliyerejea nyumbani, kura ikamtoa uwaziri

MAREHEMU Masinde Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 kijijini Matili, Kimilili, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma.

Mwaka wa 1949 alifunga safari hadi Afrika Kusini, akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeshika hatamu huko mwaka mmoja tu uliotangulia. Enzi hizo, Mkenya Mwafrika mwenye shahada alikuwa adimu kama wali wa daku.

Alirejea mwaka wa 1954, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari na vyeo vikuu vya serikali vikiwa mikononi mwa Wazungu. Alifundisha katika Shule ya Wasichana ya Alliance, kisha Chuo cha Ualimu cha Siriba, Maseno. Mwaka wa 1957 akawa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Katika chama cha KADU, kilichoundwa mwaka wa 1960, alikuwa naibu wa Ronald Ngala. Baada ya uhuru aliwakilisha Trans Nzoia bungeni, akafika hadi uwaziri.

Mtihani wake mkuu ulimkuta Juni 1975. Bunge lilijadili ripoti ya kamati ya Elijah Mwangale, mwana wa Bungoma mwenzake, kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki. Muliro aliiunga mkono ripoti hiyo, kinyume cha msimamo wa serikali. Rais Kenyatta alimfuta kazi pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu.

Kilichomponza hakikuwa elimu yake wala utendaji wake, bali kura yake. Utiifu ulipewa uzito kuliko ustahili, na athari zake hazikuishia kwake. Kufikia mwaka wa 1982, wasomi kama Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walikuwa wakiingia uhamishoni, na vyuo vya ng'ambo vikafaidi bongo zilizolelewa nyumbani.

Muliro hakuhama. Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD. Alifariki Agosti 14, 1992, mara tu alipowasili uwanja wa ndege wa Nairobi kutoka London, miezi minne kabla ya uchaguzi wa vyama vingi. Alizikwa Trans Nzoia.

Leo chuo kikuu mjini Kakamega kina jina lake. Nchi isiyotaka kuwapoteza wahitimu wake haina budi kuwapima kwa kazi yao.