Mtoto wa mchungaji aliyechagua uwanja

Wengi wetu tuna mtoto tuliyemwombea awe mtumishi wa Mungu, naye akashika njia nyingine. Arthur Wharton alikuwa mtoto wa namna hiyo.

Alizaliwa Oktoba 28, 1865, Jamestown mjini Accra, katika nchi tunayoiita leo Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti aliyetoka kisiwa cha Grenada kwenda kuhubiri Afrika Magharibi. Mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante. Baba alifariki Arthur akiwa bado mdogo. Kijana alipelekwa Uingereza, na mwaka 1884 alikuwa chuoni Darlington akiandaliwa kuwa mmisionari na mwalimu.

Safari hiyo hakuimaliza. Julai 1886, katika mashindano ya taifa kwenye uwanja wa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili na kuwapita wote. Mwaka uliofuata akashinda tena. Mwaka 1888 akaanza kukimbia kwa malipo, na 1889 akajiunga na Rotherham Town akiwa kipa wa kulipwa. Wengi wanamhesabu kuwa mwanasoka wa kulipwa wa kwanza mweusi duniani. Na kana kwamba miguu haikumtosha, majira ya joto alicheza kriketi katika klabu za Yorkshire na Lancashire.

Golini alikuwa na vituko. Alijikunyata pembeni ya mlingoti mpaka mshambuliaji akaribie, kisha akachomoka kama mshale. Wakati mwingine alining'inia kwenye mtambaa panya na kuudaka mpira kwa miguu! Lakini alipohamia Sheffield United mwaka 1894 alimkuta William Foulke, kipa mwenye mwili wa kujaza goli, na nafasi zikawa chache. Kufikia 1902 soka ilikuwa imekwisha kwake.

Akaendesha baa, pombe ikamzidi nguvu, na hatimaye akawa mchimba makaa ya mawe huko Edlington, karibu na Doncaster. Alifariki Desemba 13, 1930, akazikwa katika kaburi la maskini lisilo na jiwe wala jina.

Yupo atakayesema hayo ndiyo malipo ya kuikimbia madhabahu. Mimi siwezi. Wachezaji wengi wa enzi zile, ambao baba zao hawakuwahi kupanda mimbarini, nao waliishia kwenye baa na migodini, maana mpira haukuwa na pensheni. Kinachonisumbua ni ule ukimya. Uwanja mzima ulilitaja jina lake, kisha kaburi likakaa miaka 66 bila jina hilo. Na sisi je? Yule kijana aliyeacha kwaya kwa ajili ya mpira, yule tunayemsema baada ya ibada, mara ya mwisho tulipiga hodi kwake lini?

Jiwe la kaburi la Wharton liliwekwa Mei 1997. Waliolipigania ni watu wa Sheffield waliokuwa wakipinga ubaguzi wa rangi katika soka.